Nati za Upande wa Kushoto

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Baridi bado inakuonea, au mmeshazoeana? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa kiuno changu, na kiuno hiki kina kisa chake.

Ulinishauri tumuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu lile lori la jeshi la Baba, nami nikakubali. Tangu kiharusi kimpige, Baba alikuwa analala tu, uso ukutani. Daktari alisema miguu inaweza kumbeba na ulimi unaweza kufunguka, ila mwenyewe hataki, na akiendelea hivyo tutamzika. Mama akimbembeleza ainuke, anafumba macho. Nililia mpaka nikachoka. Na lori liko pale chini ya dirisha lake, boneti wazi, kama linamsimanga. Malori mabovu mawili ya kwanza aliyafufua kwa mikono yake, hili la tatu likamkwamia njiani.

Basi mwezi uliopita mnunuzi akataka tubadilishe gurudumu la mbele ili aweze kulivuta. Fundi jirani alikuwa kasafiri. Mama akasema, "Kwani nati ni kitu gani? Nimeishi na mke mwenza huyu miaka yote, atanishinda leo?" Si unajua ndivyo anavyoliita lori hilo. Tukachomeka bomba kwenye spana, tukaning'inia wote wawili. Wapi! Mama akapanda juu ya bomba, akaruka. Paa! Bolti ikakatika, mimi chini, yeye juu yangu.

Mara sauti mlangoni: "Kinyume!"

Baba! Kashika ukuta, miguu inatetemeka, macho mekundu kwa hasira. "Kushoto... kinyume, nyie!" Kumbe malori yale ya zamani, nati za upande wa kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Muda wote tulikuwa tunazikaza! Jamani, sijawahi kufurahia kufokewa namna ile. Mama alikaa palepale kwenye grisi, akacheka huku analia.

Siku hizi Baba anajikongoja mwenyewe hadi kwenye kiti kando ya lori. Anaelekeza kwa mkono mzima, sisi tunashika spana. Jana kaniita mbumbumbu, neno zima, bila kukwama. Nikampigia makofi.

Kwa hiyo uniwie radhi, ushauri wako ulikuwa mzuri, lakini lori haliuzwi. Mnunuzi alinuna akaenda zake. Ukipata nafasi, tuulizie huko bolti za magurudumu, maana tumeshakata ya pili.

Shangazi anakusalimu, na fundi jirani pia, ambaye bado anatucheka. Mola akufunike wewe na nyumba yako. Mama naye kanivuta pembeni leo, kaniomba tusiharakishe kazi. Anasema hili likiwaka, tutafute jingine, na liwe bovu zaidi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, kucha zimejaa grisi.