Mzimu Asiyevuka Mpaka

Hong Kong, Oktoba

Dada Suk-fan,

Maganda ya machenza yamefika, nasi tumeyatia mchuzini. Mke wangu anasema siku hizi tumbo langu huingia chumbani kabla yangu. Shemeji asinicheke, lake nimeliona kwenye picha.

Umeandika kuwa umewaalika majirani wote wamwone Baba sinemani huko Foshan, katika filamu yake ya mwisho, kwa kuwa kibali chako cha kusafiri kilichelewa ukakosa mazishi. Ndiyo maana nimeikwepa barua hii wiki mbili.

Unajua alicheza mzimu wa babu. Wakaguzi wa filamu wa kwenu China bara hawataki mizimu. Nikawasihi, "Basi tuseme shujaa anaota." Mkaguzi, mtu mpole tu, akanijibu, "Bwana Lau, mzimu wa ndotoni ni mzimu aliyelala." Nikacheka, maana sikuwa na la kufanya. Kisha nikarudi kwenye mashine yangu ya kuhariri filamu nikamkata Baba, kipande baada ya kipande, mpaka akaisha.

Nimebakiza kitu kimoja. Shujaa akifunga mlango wa jikoni, mtu anakohoa nyuma yake. Ndiye Baba. Ila katika nakala ya huko sauti zote zinarekodiwa upya kwa Kimandarini, badala ya Kikantoni chetu. Nimewaomba wakiache, nikawaambia kikohozi hakina lugha. Wamesema wataona.

Kaa karibu na spika, dada. Majirani waambie mdogo wako ni fundi mbovu.

Wako,
Kwok-hung