Mstari Mtupu wa Mzee Purushottam

Malleshwaram, Bengaluru
Jumapili

Kwako dada Ashwini,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na mama hamjambo huko Toronto, na baridi haijawashinda. Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho kimevurugika, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Unaijua orodha yetu ya zana huria za mawakala wa akili mnemba, zile programu unazozipa kazi zikaimaliza zenyewe. Tunaitunza wawili, mimi na Lavanya. Mwaka juzi ilijaa zana zilizotelekezwa, watu wakatulaumu. Nikatunga kanuni, tena nikajivuna nayo: zana isiyoguswa na mwenyewe kwa miezi sita, itoke. Kumbe watu wajanja! Wakaanza kuongeza mstari mtupu usiobadilisha chochote kwenye programu, basi, zana ionekane hai. Wiki hii Lavanya amewanasa kumi na mmoja, akawacheka huku anakula idli, vile vitumbua vya mchele: “Hawa wanampaka maiti wanja.” Mimi kahawa ilinipalia.

Sasa anataka atakayenaswa atangazwe kuwa mlaghai, jina na zana vifutwe. Nikamuuliza, je, zana iliyokamilika, isiyohitaji kuguswa tena? Akaniambia, “Kanuni si yako mwenyewe, bwana? Mbona leo unaikimbia?”

Dada, uliniandikia kwamba jina la marehemu baba yako, Mzee Purushottam, linaonekana kazini kwenye zana yake kila baada ya miezi mitano, na kwamba mama hulisubiri, akiamini baba aliitegesha mashine kabla hajaondoka. Niliisoma barua mara nne. Sikujua nifurahi au nijifiche.

Si mashine. Ni mimi. Baba yako, mwalimu wangu, alinipa pale hospitalini ufunguo wake wa kuingilia kwenye zana nirekebishe kosa moja tu, hakunituma zaidi. Alipofariki, zana yake ilikuwa haina kasoro, na kanuni yangu ingemtoa. Nikaongeza mstari mtupu kwa jina lake. Mara tatu. Nisamehe.

Jumatano Lavanya ataifikia zana hiyo. Nikisema ukweli, zana itatoka. Nikinyamaza, baba ataitwa mlaghai akiwa kaburini. Nimegeuza hili huku na huku, sioni pa kushika, ila moja: kesho nitamwambia Lavanya ukweli na kumkabidhi ufunguo.

Msalimie shemeji. Msalimie na mama, lakini barua hii usimsomee kwanza. Ijumaa ndiyo miezi mitano inatimia, naye atakuwa anasubiri jina hilo.

Mimi mdogo wako,
Sudhanva