Siri yangu imekuwa mfano mzuri

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa maktaba.

Mkutubi ameniumbua. Yule yule niliyekuwa nakwambia ni kama dada yangu.

Leo kikundi chetu cha kujadili mambo ya dunia kilizungumzia wakimbizi. Tulikuwa watu kama ishirini, mama mkwe akiwemo, maana nilimkaribisha mwenyewe. Fundi saa akasema wakimbizi wote ni waongo, wanaishi kwa makaratasi ya kughushi. Mkutubi akasimama, akaniwekea mkono begani, akasema, "Huyu hapa alivuka mpaka akiwa na miaka tisa, kwa jina na cheti cha kuzaliwa cha binamu yake aliyefariki. Mnamwona mwongo?"

Eti ananitetea. Ananitetea kwa siri niliyompa nikilia, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Mliijua wewe na yeye tu. Hata mume wangu hajui.

Nikamuuliza, "Nilikuruhusu?" Akajibu, "Lakini ni mfano mzuri."

Mfano mzuri. Mimi, mwenzangu.

Nikatoka mbio. Mama mkwe akanifuata mpaka huku chooni, nikajua leo ndoa imekwisha. Akabisha taratibu, akauliza, "Mwanangu, mama yako alikuwa anakuitaje?"

Nimemwambia nikiwa nyuma ya mlango. Miaka ishirini na sita sijalitamka jina hilo. Sasa namsikia pale nje analirudia polepole, asije akalikosea.