Chipu Inayoingia Gari Lolote

Kaka Nuhu,

Ugali na kisamvu nimevifunika jikoni. Kuku uwafungie mapema. Mimi na Mama tumedandia lori la ufuta linalokwenda Nambilanje, maana Shakila anatolewa unyagoni leo, na wewe baba yake mzazi uko gereji unahangaika na chipu.

Ulitaka pikapu yako ya turbo iongezwe nguvu ili uingie ngomani kwa kishindo. Fundi Masoudi akakwambia ununue chipu iliyoundwa kwa injini ya gari lako, maana kidude hicho cha umeme ndicho kinachoipimia mafuta. Ukachukua ile rahisi, eti inaingia gari lolote. Niliposema tungoje sherehe ipite, ukanicheka mbele ya mafundi: "Wewe uliyeishia la tano, turbo umeijulia wapi?" Nikainama kwa haya. Asubuhi hii gari limefuka moshi mweusi, likazima hata Nachingwea hatujatoka, Mama keshajitanda khanga mpya.

~~Likipona, tufuate.~~

Usitufuate. Mwali hamsubiri fundi. Akiniuliza baba yuko wapi, nitamjibu ukweli mbele ya wacheza ngoma wote, na leo sitaona haya.

Shangazi wa Shakila