Hawakunywa Togwa Yangu

Jumatatu, 7 Machi 1955
Nimesugua chanja za kukaushia pareto kama kila asubuhi. Hakuna wa kuleta maua. Mikono imezoea tu. Watu wa hapa kijijini Ramadhani wanapita na vikapu vyao, wanaangalia ng'ambo ya barabara. Nawaona. Kosa ni langu, kila mtu anajua: nilichochea moto mkali ili niwahi lori, maua yakakauka juu, moyoni mabichi. Yakavunda kwenye magunia. Kule mjini Makambako mnunuzi alinusa gunia moja, akarudisha mzigo wote. Jasho la watu, mbolea.

Jumatano, 9 Machi
Nimekwenda Makambako. Mnunuzi hakuinua hata macho. Kumbe Enoki, mshirika wangu, alishamwambia kibanda cha kukaushia kilikuwa changu peke yangu, yeye mpakiaji tu. Sasa anakausha pareto yake kijiji cha Lyamkena. Nilimkuta anashona magunia.
"Kamwene, ndugu yangu. Pole sana."
Nikaitikia. Namchukia.

Jumapili, 13 Machi
Kanisani nimekaa benchi zima peke yangu. Mama Tulinave kanisalimia kwa kichwa. Ndiye aliyeniletea maua kwanza, wengine wakamfuata. Akirudi yeye, wote watarudi. Asiporudi, sina kazi. Mke wangu anasema tuite watu kulima. Kweli, huku ndivyo unavyomjua aliye wako: atalima, kisha atakaa anywe, mzungumze. Kimea cha togwa kipo.

Alhamisi, 17 Machi
Nimepita kila nyumba kualika. Wote wamekubali. Haraka mno.

Jumamosi, 19 Machi
Wamekuja wote. Shamba la njegere limekwisha kabla ya saa sita, bila wimbo hata mmoja. Mimi mjinga nilikuwa nachekacheka. Nikatoa togwa. Mama Tulinave akapangusa jembe lake kwa majani.
"Mwaka jana ulitulimia, baba. Leo tumerudisha. Tusidaiane tena."
Akaondoka. Wengine nyuma yake. Hakuna aliyegusa kata. Afadhali wangekataa kuja. Mke wangu amelia jikoni, mimi nimemfokea bure.

Jumapili, 20 Machi
Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 21 Machi
Ukungu tangu alfajiri. Nimebeba jembe hadi shambani kwa Mama Tulinave. Sikualikwa. Radhi sikuomba, nimeshaomba mpaka maneno yamechuja. Nikashika tuta la pembeni. Hakunifukuza. Mchana aliwagawia watu wake togwa, mimi akaniruka. Nikaendelea kulima. Jioni, akifunga kanga yake, alisema kesho wanaanzia upande wa mtoni. Hakumtazama mtu aliposema.

Nitakwenda.