Afrika ya Udongo pale Kingi

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Mvua tena hapa Kingi. Chaki imelowa. Darasa la tano wamerudi wote isipokuwa wawili waliobaki kulima.

Ramani ya karatasi imeliwa na mende wakati wa likizo. Wamekula Afrika yote, wakaacha bahari. Nimecheka, halafu nimekasirika. Inspekta anakuja mwisho wa mwezi. Padri amenikumbusha kwamba akiridhika, tutapewa darasa la sita, na mimi nitapewa nyumba ya matofali. Mke wangu Rusia ana mimba ya kwanza, miezi minane, na paa letu linavuja juu ya kitanda. Kwa hiyo inspekta ataridhika, apende asipende.

Nimeamua. Tutaijenga Afrika uwanjani, kwa udongo. Kila mtoto alete udongo wa kwao.

Jioni mama amepakua kama kawaida. Sahani yangu, ya Rusia, yake, na ya baba. Ya baba ameifunika kwa jani la mgomba, akaiweka karibu na mlango. Asubuhi atawamwagia kuku. Ni miaka kumi tangu kapita, msimamizi wa kazi za serikali, alipomchukua baba kwenda kugema utomvu wa mpira katika misitu ya Walikale, wakati wa vita. Hakurudi. Hakuna aliyetuletea habari ya kifo, na bila habari mama hataki kusikia neno matanga. Nimechoka na sahani ile. Ni vibaya kuandika hivyo, lakini nimechoka nayo.

Jumatano, 9 Septemba

Kazi imekwenda vizuri. Watoto wa wafugaji wameleta udongo mwekundu wa malishoni, wa wakulima udongo mweusi wa mashambani. Mmoja ambaye mama yake ni mtu wa Kibua, upande wa Walikale, ameleta udongo wa msituni, laini, unanuka majani yaliyooza. Huo nimeuweka palepale Walikale. Tumelirundika bara lote hadi usawa wa magoti, tukalipigapiga kwa viganja.

Nimefundisha nikiwa nimesimama Misri, miguu mitupu. Kitabu cha shule kina ukurasa mmoja tu juu ya Afrika kabla ya Wazungu, nao unasema hapakuwa na kitu. Uongo mtupu. Nimewaambia habari za wafalme wa Misri na makaburi yao. Abisinia, na makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba. Kuta za mawe kule kusini. Mfalme wa Kongo aliyeandikiana barua na wafalme wa Ulaya. Halafu Wangwana, wawinda watumwa kutoka pwani, waliopita na minyororo. Halafu Wazungu, lakini hapo nimepunguza sauti.

  Watoto walikuwa wakitazama chini, miguuni pangu. Nilihisi sauti yangu inaingia ardhini badala ya kwenda kwao.

Mbuzi wa misheni wamekanyaga Moroko. Lazima ua.

Jumamosi, 12 Septemba

Ua umekwisha. Vijiti vimeletwa na watoto wa Papa Gasana, mfugaji anayetuuzia maziwa. Wamevikata kwao, mti laini wenye utomvu mweupe. Tumevichomeka kuzunguka bara lote. Inapendeza sana. Nimejisifu mwenyewe, maana hakuna aliyekuwepo wa kunisifu.

Mama amepita na mzigo wa kuni. Amesimama. Ametua mzigo chini, ametazama kwa muda mrefu, kisha ameuinua na kurudi alikotoka. Amezunguka kilima kizima ili afike nyumbani kwa njia nyingine.  Kuni zimelowa.

Jumanne, 15 Septemba

Vijiti vimechipua. Vyote, hata vile tulivyochomeka kichwa chini.

Asubuhi nimekuta jiwe dogo juu ya ramani, upande wa Maniema. Nimelitupa. Mchana lilikuwa hapo tena, na lingine kando yake.

Watoto hawachezi tena uwanjani. Wakipita karibu na ramani wanavua kofia. Sikuwafundisha hivyo.

Alhamisi, 17 Septemba

Mawe yamejaa. Sijui niseme nini. Mengi yako Walikale. Mengine kwenye njia ya kwenda Sake. Maniema. Moja limekaa peke yake Abisinia.

Nimewauliza darasani, kwa ukali. Hakuna aliyekana. Wamesimama mmoja mmoja. Jiwe la Maniema ni la nyanya wa babu wa mmoja wao, aliyechukuliwa na Wangwana akiwa na mtoto mgongoni. La njia ya Sake ni baba wa mwingine. Kilima kilimwangukia wakati wa kutengeneza barabara, wakachimba, hawakumpata. La Abisinia ni mjomba, askari, aliyekwenda kupigana na Wataliano. Ya Walikale ni ya mpira, ya migodi, ya kubeba mizigo. Wote hawajazikwa. Hakuna hata mmoja mwenye kaburi.

Nimeuliza nani alianza. Kila mmoja anasema alikuta la mwenzake tayari lipo. Nimerudia swali mpaka nikachoka. Hakuna aliyeanza.

Nilikuwa nimeandaa somo la mito. Nimewaruhusu waende nyumbani.

Jumapili, 20 Septemba

Baada ya misa nimekwenda kutazama. Pale Walikale udongo umetitia. Bonde refu, jembamba, limejipanga sawasawa. Sitaki kuandika linafanana na nini.

Mama amenifuata. Papa Gasana alikuwa nyuma yake, amevua kofia. Hatimaye mama amesema. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana sitayasahau.

"Umeweka lundo ya udongo, umeizungusha na miti ya kaburi, na ndani hamuna muntu. Unazani itabakia vile? Iko inangojea."

Papa Gasana aliinamisha kichwa, akaniita Monitere, yaani mwalimu, kama waniitavyo wote. "Kwetu ile miti iko ya kuzungusha lupango, Monitere. Watoto njo walikata. Atukujua. Mutusamehe."

Basi ndivyo. Kwao mti wa boma la ng'ombe, kwetu mti wa kaburi. Nami niliyezaliwa hapa sikujua, kwa sababu nilipelekwa kulala shule ya mapadri nikiwa mdogo, na huko tulizikana kwa misalaba. Nimejenga kaburi kubwa kuliko yote ya Masisi, nikalichezea kwa miguu mitupu.

Nimemwambia mama hizo ni imani za zamani. Amenitazama kwa huruma. Afadhali angenigombeza.

Rusia anasema mtoto ametulia tangu jana. Labda amelala tu.

Jumatatu, 21 Septemba

Nimelijaza bonde kwa makarai ya udongo na kulishindilia kwa mchi. Padri ameona mawe, amesema ni upagani, yaondoke kabla ya inspekta. Nimeyakusanya mwenyewe kwenye ndoo, nikayamwaga mtoni, pale maji yanapokimbia. Watoto walinitazama. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Jumanne, 22 Septemba

Yamerudi. Yale yale. Nalijua lile la Abisinia, lina mstari mweupe. Lilikuwa mahali pake, peke yake, na bado lilikuwa limelowa.

Bonde limerudi pia. Refu zaidi.

Ninaogopa. Basi, nimeliandika.

Jumatano, 23 Septemba

Rusia alishikwa na uchungu asubuhi. Mkunga amekuja. Kabla ya mchana uchungu ukakatika, kama kamba. Mkunga ameweka sikio tumboni, ameinuka, ameomba maji ya kunawa. Nimemfuata nje. Amesema mtoto hachezi. Amesema tungoje. Kungoja, tena.

Nimekwenda uwanjani mbio. Ukungu ulikuwa umeshuka, sikuiona Misri kutoka Kongo. Nimepiga magoti, nimeingiza mkono bondeni mpaka begani. Udongo wa chini ulikuwa wa moto kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Na harufu. Mpira uliokaushwa kwa moshi. Wale waliorudi kutoka Walikale walikuwa na harufu hiyo nguoni, nilikuwa kijana, naikumbuka. Shule yangu yote haikunisaidia kitu hapo.

Nimerudi, nimemkuta mama jikoni. Nimemwambia afanye kinachofanywa. Amenijibu kwamba kaburi lisilokuwa na mtu linapewa mtu, lisije likajichagulia, na mtu asiye na mwili anazikwa kwa mgomba. Hilo nalijua hata mimi. Kisha ameketi chini.

Nikaelewa alichokuwa akikiona yeye tangu siku ile alipotua kuni. Shina la mgomba lazima liitwe jina. Nani ataitwa? Mtu wetu aliyepotea Walikale ni mmoja. Na mama akimwita, basi amekufa.

Nimemwomba mama amzike baba ili mtoto wangu aishi. Sijawahi kuomba kitu kibaya hivyo. Amefunika uso kwa kitenge. Amekaa hivyo mpaka moto ukazimika.

Alhamisi, 24 Septemba

Tumekwenda kulipopambazuka. Ukungu mzito. Nimekata mgomba nyuma ya nyumba, shina la urefu wa mtu. Mama ametoa koti la baba. Sikujua kwamba lipo. Miaka yote hii lilikuwa ndani ya mtungi mkubwa, limekunjwa na majani ya kuzuia wadudu. Amelivalisha shina, akafunga vifungo vyote. Kimoja hakipo. Alikitafuta kwa vidole, kana kwamba kitatokea.

Nimebeba mimi. Lilikuwa zito kuliko lilivyostahili.

Hatukumwita mtu, lakini walikuwepo. Walisimama nje ya ua wa vijiti, wakulima na wafugaji, ukungu umewakata miguu. Nilifikiri ni wazazi wa wanafunzi. Wengine sikuwatambua. Baadaye nimemwuliza Papa Gasana ni akina nani wale waliosimama upande wa kusini. Amesema upande wa kusini hapakuwa na mtu.

Tumelilaza bondeni. Limeenea kabisa, hapakubaki nafasi hata ya kiganja. Mama akasimama Walikale, akaita. Aliita jina la baba mara moja, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe aje kula. Kisha akasema, "Umefika. Lala sasa." Akalia. Nami nimelia, mbele ya wanafunzi wangu wote, na sioni haya.

Papa Gasana amemwaga maziwa. Watu wameingia mmoja mmoja, kila mtu amerudisha udongo kwa mkono wake. Tumemfukia. Tumesawazisha. Padri alikuwa safarini kwenye vigango. Akiuliza, nitamwambia.

Nimekaa pale mpaka ukungu ukaondoka. Udongo haukutitia.

Ijumaa, 25 Septemba

Uchungu umerudi alfajiri. Mtoto wa kike. Alitoka kimya, wa rangi ya majivu. Mkunga alimpiga makalio, akampulizia puani, akampiga tena. Mama alikuwa amesimama kwenye kona, mikono kichwani. Nilisikia mvua ikidondoka kitandani.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira. Ana hasira zangu. Rusia anacheka na kulia pamoja.

Jumatano, 30 Septemba

Inspekta amekuja. Hakushuka garini kwa sababu ya matope. Ametazama kupitia dirishani, akasema vizuri sana, akaandika kitu, akaondoka. Padri amefurahi. Nimekwisha kumweleza yote. Amenipa kitubio kirefu, na amesema mawe yabaki.

Hakuna jiwe jipya lililoongezeka. Watoto wameanza kucheza mpira uwanjani. Umeangukia Afrika mara mbili. Wanaingia kuutoa polepole, wanaomba radhi, wanatoka.

Jumapili, 4 Oktoba

Jua, hatimaye. Mama amepalilia ramani baada ya misa, kutoka Walikale mpaka baharini. Nimembeba mtoto, nikamtazama akifanya kazi.

Jana jioni amepakua. Yangu. Ya Rusia. Yake. Sahani ya nne alikuwa ameiosha na kuifudikiza juu ya kichanja. Ameketi akala, akiupa mlango mgongo. Sijawahi kumwona akila hivyo. Nilikuwa na njaa, lakini sikuweza kumaliza changu.

Asubuhi kuku wamekuja mlangoni. Wamekaa pale, wakingoja, mpaka nikawafukuza.