Mwito wa Tatu Uani

Ganjoni, Mombasa
Jumatano jioni

Kaka yangu Mwakio,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Mama, maana najua barua hii utamsomea pale jikoni, na najua utaruka mistari unayoona haimfai, kama kawaida yako. Leo soma yote. Goti lake linaendeleaje? Na baridi ya huko Wundanyi imepungua, au bado mnalala na soksi? Mimi ni mzima wa mwili, ila joto limenichakaza, na mfereji haujatoa maji tangu wiki iliyopita. Tunanunua ya mkokoteni, yana chumvi, na chai yake hata wewe usiyechagua chakula ungeitema.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu iko hivyo, nikakwambia ni mafua. Sikuwa na mafua, kaka. Ni haya ninayokuandikia, ambayo kwa simu hayasemeki.

Shule yetu inapeleka watoto wa darasa la nne, ambao ni wangu, wakalale usiku mmoja Mji wa Kale. Wanaiita kambi ya mji. Ijumaa watalala katika nyumba moja kuukuu iliyogeuzwa ukumbi, asubuhi watembezwe vichochoroni waelezwe habari za mji, wapitie soko la Marikiti wajue viungo kwa kunusa, wamalizie Feri. Watoto hawashikiki kwa furaha. Mama mmoja ameniuliza kama mwanawe anaweza kuja na feni. Mwingine ameahidi mahamri ya kutosha harusi. Nimewafundisha kukunja shuka, kutembea wawili wawili, na kutia jina kwenye kila kitu hadi mswaki. Mchana nacheka nao. Nikirudi chumbani kwangu, nasikia harufu ya moshi.

Naangalia jiko, limezimwa. Naangalia soketi, hazina kitu. Jirani yangu hata hapiki, anakula kazini. Lakini moshi upo, na ninaujua ni wa wapi. Ni wa lile bweni lililoungua, alimofia Mkawasi wetu na wenzake, mlango umetiwa kufuli kwa nje eti wasichana wasitoroke. Wewe ulikuwa kazini Voi. Mimi ndiye niliyesimama na Mama kwenye uwanja wa shule asubuhi ile, nimeshika leso yake, akimwita dada yetu. Wewe hukuusikia ule ukimya. Mimi nimeishi nao.

Kwa hiyo mwalimu mkuu alipotaja kambi nilimwambia siendi. Akasema watoto wamenizoea mimi, nisipokwenda ataivunja safari. Akanipa hadi leo nimjibu. Nikaona basi nikaitazame hiyo nyumba kwanza. Bawabu akanionyesha chumba cha kulala, kisafi, magodoro yamepangwa, halafu akaniambia kwa moyo mweupe, "Usiwe na shaka, mwalimu. Nikishawafungia kwa nje, hapana mtoto atakayepotea." Nilimwambia anipe hilo kufuli. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na kitu kichwani, lakini alinipa, na sijamrudishia.

Nikadai pia tufanye zoezi kabla ya siku yenyewe. Wazazi wakakubali, na jana baada ya magharibi tukawapeleka watoto kwenye nyumba ile, mimi na Mwalimu Salma, mwenzangu aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo. Mpango ulikuwa huu: watoto walale, taa zote zizimwe, nipige filimbi, wao watoke kimya kimya hadi uani, niwaite mmoja mmoja waitike. Nikipata sauti zote, nitajua hakuna aliyebaki ndani.

Nilipiga filimbi nikiwa uani. Giza lilikuwa zito, sikuona hata mkono wangu. Nikaita Fatma. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Athman, mara mbili, hakuna. Charo. Rehema. Kaka, watoto darasa zima na hakuna hata mmoja aliyeitika. Nilikimbia ndani nikapapasa magodoro, moja baada ya jingine, nikitafuta miguu, nikitafuta nywele. Koo lilikuwa limejaa moshi ambao haukuwepo.

Salma alinifuata na tochi. "Mwalimu, wana wako nje. Wako pale ulipokuwa, wamekaa chini."

"Mbona hawaitiki?"

"Wafundwa na mabibi zao. Usiku mtu haitiki mwito wa kwanza wala wa pili. Hujui ni nani akwitaye. Na hawa wa bara wamewaiga wenzao. Rudi ukawaite mara ya tatu."

Mimi mtu wa milimani ningelijuaje hilo? Nikarudi uani, yeye akazima tochi. Nikaita. Fatma, "Labeka." Athman, "Naam." Charo, "Naam." Wakaitika mmoja baada ya mwingine hadi wakaisha, na kila sauti ilinitoa jiwe kifuani.

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo haukusimama. Nilijisikia nikiita, "Mkawasi." Hakuna aliyejibu, na nani ajibu? Nikaita tena. Salma akanishika mkono. Nikaita mara ya tatu, na hapo gizani mtoto wa kike akasema taratibu, "Labeka, mwalimu."

Taa zilipowashwa nikamuona ni Rehema. Nikamuuliza kwa nini ameitika na jina si lake. Akaangalia chini, akasema, "Umemwita mara tatu, mwalimu, na hakuna mtu anayemuitikia."

Nililia mbele ya darasa langu bila haya. Leo asubuhi nimemwambia mwalimu mkuu nitakwenda. Mlango hautafungwa, na godoro langu litakuwa hapo hapo mlangoni. Bado naogopa, nisikufiche. Lakini nitakuwa naogopa nikiwa nao.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, umwambie leso aliyoagiza nimeshaipata, ya rangi ile ile. Shangazi wa kwaya naye msalimie, asiache kuniombea. Wanao wabusu mmoja mmoja.

Mama mwache mwisho. Tangu asubuhi ile hajalitaja jina la Mkawasi, nasi tumejifunza kutolitaja mbele yake. Leo litaje. Mwambie nimemwita mwanawe, na kuna mtoto ameitika. Akilia, usimnyamazishe.

Mdogo wako akupendaye,
Mghoi